Vitabu vya nyota na asili ya mtu: tuvisome kabla ya kuvichoma

Ndugu msomaji, mwezi mmoja hivi uliopita dada yangu alinijia nyumbani baada ya sala ya isha. Uso ulikuwa umemsawijika, na mkononi alikuwa na furushi alilolifunga kwa leso. Alipolifungua nikaona kuwa ni vitabu viwili. Aliviweka juu ya meza kwa ncha za vidole, kama mtu awekaye kaa la moto, akaniambia: "Kaka, hivi ndivyo vilivyonivunjia nyumba. Babake ataka kuvitia moto. Mwana naye asema vikichomwa, yeye hana kwao tena. Wewe ni mtu wa vitabu. Visome, kisha utuamue."

Kitabu cha kwanza kilikuwa A Brief History of Time, yaani Historia Fupi ya Wakati, kilichoandikwa na Stephen Hawking wa Uingereza na kutolewa mwaka 1988. Cha pili kilikuwa The Blind Watchmaker, Mtengeneza Saa Kipofu, cha Richard Dawkins, kilichotoka mwaka 1986. Mwenye vitabu hivyo ni mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha bara. Babake, shemeji yangu, ni maalimu wa chuo cha Kurani ambaye nusu ya vijana wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Kijana alikuja likizo, akaonekana hasimami kwenye sala ya alfajiri. Alipoulizwa alijibu kwamba ulimwengu haukuhitaji wa kuuumba. Mzee akamwambia, mbele ya majirani waliokuwa wamekaa barazani, asimwite baba tena.

Hayo si madogo. Wala si ya nyumba moja tu. Tangu niseme habari hii kwa marafiki zangu, wazazi watatu wameninong'oneza kuwa kwao pia yako. Kwa hiyo nimeona heri niyaandike hapa, ili tuyazungumze mchana badala ya kuyanong'ona usiku.

Lakini kwanza msomaji ajue anasema na nani. Mimi niliijua alifu ya Kurani kabla sijaijua a ya Kizungu. Nilikaa juu ya mkeka, nikahitimu juzuu thelathini, nikachapwa bakora kwa kukosea irabu, na hata leo moyo wangu hutulia nisikiapo watoto wakiimba Juzuu ya Amma wakati wa alasiri. Shahada ya sayansi sina. Kazi yangu ni kalamu na utungo. Vitabu hivi nilivisoma kwa majuma matatu, kamusi ubavuni, nikirudia kurasa nyingine mara tatu. Ninayoyasema ni maoni ya msomaji, si fatwa ya mwanachuoni wala hukumu ya profesa.

MOTO WA BAHARINI

Hawking anaeleza kuwa alionywa kwamba kila hesabu ya alama atakayoitia kitabuni itapunguza wanunuzi kwa nusu, naye akatia moja tu. Kwa hiyo mtu kama mimi aweza kumfuata. Anasimulia jinsi Edwin Hubble wa Marekani alivyoonyesha mwaka 1929 kwamba makundi makubwa ya nyota yanakwenda yakiachana, na kadiri kundi lilivyo mbali ndivyo mwendo wake ulivyo wa kasi. Ukiyarudisha nyuma kwa fikira, utafika wakati ambapo vitu vyote vilikuwa pamoja, vimebanana na vina joto lisilo kifani. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walitangaza kuwa wameusikia kwenye chombo chao cha mawimbi ule uvuguvugu uliobaki wa joto hilo la kale, ukitoka kila upande wa mbingu. Kwa hesabu za siku hizi, tangu mwanzo huo hadi sasa ni miaka kama bilioni 13.8.

Nilipofika kwenye habari ya mashimo meusi, yaani nyota zilizojiporomokea hata nuru yenyewe isiweze kutoka, nilikutana na jina Cygnus X-1. Hawking anasimulia kwamba aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974: yeye alisema kitu hicho si shimo jeusi, mwenzake akasema ndilo. Mwaka 1990 Hawking alikubali kuwa ameshindwa.

Hapo nikakumbuka jambo. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha, na alipenda kusimulia juu ya mnara wa chuma uliosimamishwa na Wataliano baharini, Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, na moto uliokuwa ukipaa kutoka hapo kwenda mbinguni. Sisi watoto tulidhani ni hadithi za baharini. Kumbe ni kweli tupu. Mnara huo uliitwa San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchungulia miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Naam, Uhuru, kwa Kiswahili. Ilikuwa ya kwanza duniani kufanya kazi hiyo peke yake. Iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo, na ni habari zake zilizowaonyesha wataalamu kwamba Cygnus X-1 si nyota ya kawaida. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Msomaji, tazama mambo haya. Shemeji yangu anakiona kitabu hiki kuwa ni sumu iliyotoka ng'ambo. Mpwa wangu anakiona kuwa ni nuru iliyotoka ng'ambo. Wote wawili hawajui kwamba sehemu ya yaliyomo ilivuliwa kwenye bahari yetu, kwa chombo chenye jina la lugha yetu, huku wavuvi wetu wakitazama.

KIPIMO NA MAONI

Sasa nije kwenye mvutano wenyewe. Nilivyoona mimi, mwandishi wa vitabu vya namna hii husema kwa sauti mbili, na msomaji asiye makini hudhani ni moja. Sauti ya kwanza ni ya mpimaji: nimepima hiki, nikapata hiki, nawe ukitaka kapime. Sauti ya pili ni ya mtu kama mimi na wewe, aketiye jioni akajiuliza maana ya maisha. Sauti ya kwanza yastahili tuisikilize hata kama haitupendezi. Ya pili twaweza kuihoji kama tunavyomhoji jirani barazani.

Chukua Hawking mwenyewe. Mwaka 1988 alikifunga kitabu chake kwa maneno juu ya kuijua akili ya Mungu, na wengi wakamdhania muumini. Mwaka 2010, katika kitabu The Grand Design alichoandika pamoja na Leonard Mlodinow, alisema hapana haja ya kumtaja Mungu katika kuanza kwa ulimwengu. Baadaye akaeleza wazi kuwa yeye haamini, na yale ya kwanza yalikuwa namna ya kusema tu. Hiyo ni haki yake. Lakini nauliza: baina ya miaka hiyo 22, ni darubini gani iliyokwenda kumtafuta Mungu ikarudi na habari kuwa haikumkuta? Hapana. Hapo hakusema mpimaji, alisema mtu.

Kuna mfano ulio bora zaidi. Mwaka 1979 tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa watu watatu kwa kuonyesha kuwa nguvu mbili za maumbile zilizodhaniwa ni mbalimbali zina asili moja. Mmoja wao ni Steven Weinberg, Mmarekani, aliyekuwa ameandika mwaka 1977 kitabu mashuhuri kiitwacho The First Three Minutes, Dakika Tatu za Kwanza. Humo alisema kwamba kadiri ulimwengu unavyofahamika ndivyo unavyoonekana hauna kusudi. Mwingine ni Abdus Salam wa Pakistani, ambaye kwenye karamu ya tuzo kule Stockholm alisoma aya za Kurani zinazomwita mtu atazame mbingu mara baada ya mara atafute kama ataona ufa. Mmoja haamini, mwingine anaamini. Hesabu waliyoifikia ni moja, na kila mmoja aliifikia kwa njia yake. Kama hesabu yenyewe ndiyo imkataayo Mungu, mbona haikumkatalia Salam? Na kama ndiyo imthibitishayo, mbona haikumthibitishia Weinberg?

Nilimweleza mpwa wangu haya. Yeye si mjinga, akanijibu: "Mjomba, maneno yako ni matamu, lakini kila mwaka kazi ya Mungu inapungua. Zamani radi ilikuwa yake, sasa ni umeme. Kesho mtambakishia nini?"

Hilo ni swali la haki, na lastahili jibu. Nilimwambia kuwa Mungu akaaye ndani ya yale tusiyoyajua, na kuhamishwa kila tunapojifunza jambo, siye tuliyefundishwa chuoni. Sisi tulifundishwa kwamba mvua ina mawingu, mawingu yana upepo, na vyote ni vyake, kinachojulikana na kisichojulikana. Siku mwanawe Mtume, Ibrahimu, alipofariki, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume mwenyewe akawakataza: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu. Angetaka sifa, hiyo ilikuwa siku yake. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, huyo huidhuru dini kuliko adui yake. Na sisi leo twaitazama ratiba ya nyakati za sala iliyotundikwa ukutani msikitini, iliyofanywa kwa hesabu za falaki, na hapana anayesema ni kufuru.

DAMU YETU WENYEWE

Lakini nisijifanye kuwa njia ni tambarare. Kitabu cha pili kina mwiba kuliko cha kwanza. Nyota ziko mbali, asili ya mtu iko karibu.

Richard Dawkins alizaliwa Nairobi mwaka 1941, ingawa wachache wetu tunalijua hilo. Jina la kitabu chake ni jibu kwa kasisi William Paley, ambaye mwaka 1802 aliandika kuwa mtu akiiokota saa njiani hujua kuwa ina aliyeitengeneza, na viumbe navyo ni vivyo hivyo. Dawkins anafuata njia ya Charles Darwin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1859 kilisema kuwa viumbe hubadilika kidogo kidogo kwa vizazi vingi, wale wanaofaa mahali walipo wakisalia na kuzaa zaidi. Mwaka 1871 Darwin akakisia kwamba wazee wa binadamu huenda waliishi Afrika. Ushahidi mwingi ulikuja kutoka hapa Kenya. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya asiye na shahada bali mwenye jicho la ajabu, aliokota kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, na ukafukuliwa karibu mwili mzima wa mvulana aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga mifupa hiyo isitukuzwe katika makumbusho ya Nairobi. Kwa hiyo shemeji yangu asidhani mwiba huu ni wa Waislamu peke yao.

Watu wengi wakisikia jambo hili hukimbilia kwenye nyani, wakacheka au wakakasirika, basi. Mimi nataka nilitazame mahali pengine, nalo ni katika damu yetu sisi wa pwani.

Dada yangu huyu alizika binti wa miaka sita, mkubwa wa kijana huyu. Alikuwa akilia kwa maumivu ya viungo, akivimba mikono, akiishiwa damu. Wako waliosema ni jicho, wako waliosema ni jini. Ugonjwa ulikuwa selimundu, ule unaozikunja chembe za damu zikawa kama mundu. Sasa sikia habari yake. Mwaka 1949 kijana aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Akaona kuwa alama ya selimundu ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na ni haba mno kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza sababu, na mwaka 1954 akatoa jibu: mahali penye alama hiyo ndipo penye malaria. Mtu aliyerithi alama kwa mzazi mmoja haumwi selimundu, na malaria kali haimuui upesi. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye augue. Kwa maelfu ya miaka mbu wamekuwa wakituchuja: wenye alama moja wakaishi wakazaa, na alama ikaenea. Ngao ya wengi ikawa kisu cha wachache.

Hayo ndiyo mageuko, msomaji, na yametokea kwetu. Na vijidudu vya malaria navyo havikulala. Sote tunaokumbuka vidonge vichungu vya klorokwini tunajua vilivyokuwa vikiponya. Mwaka 1998 Kenya iliviacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vijidudu vichache vilivyohimili dawa ndivyo vilivyosalia vikazaana. Ukiyakataa haya, utakayeumia ni wewe. Maana wazazi wawili wenye alama, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, na sisi tunaooana binamu kwa binamu tuna sababu kubwa ya kupima damu kabla ya kupeleka posa.

Je, haya yanaafikianaje na habari ya Adamu? Wako wanavyuoni wanaosema viumbe vyote vilibadilika isipokuwa binadamu, na wako wanaosema yaliyoandikwa yana maana pana kuliko tulivyozoea. Mimi sina elimu ya kukata shauri, na sioni aibu kulala na swali. Ninalolijua ni kuwa selimundu haikuuliza dini yetu.

KOSA LA UPANDE WA PILI

Kuna kundi jingine ambalo nalo silipendelei, ingawa hushangiliwa mihadharani. Hawa ni wale ambao kila jambo likigunduliwa hufungua msahafu wakasema limo humu tangu zamani. Daktari mmoja Mfaransa, Maurice Bucaille, alitoa mwaka 1976 kitabu cha kulinganisha Biblia, Kurani na sayansi, na tangu hapo wafuasi wa njia hiyo wamekuwa wengi. Najiuliza: kama limo tangu zamani, mbona hakuna aliyeliona mpaka mwingine alipoligundua?

Na hatari iko hapa. Vipimo vya kwanza vya Hubble vilitoa umri wa ulimwengu kama miaka bilioni mbili tu, umri mdogo kuliko wa mawe ya dunia yenyewe. Vipimo vikarekebishwa. Laiti mtu angalikuwa ameiambatisha aya takatifu na tarakimu ile, angalilazimika kuibandua tena mbele ya watu. Sayansi haioni haya kujisahihisha, hiyo ndiyo kazi yake. Dini itakayojifunga kamba kiunoni mwake itaburutwa kila inapogeuka.

Aliyelijua hili vizuri ni padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, kasisi wa Kikatoliki na mtaalamu wa hesabu, alikuwa ameandika juu ya kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, kabla ya Hubble, na mwaka 1931 akatoa wazo kwamba wote ulianza kutokana na kitu kimoja kidogo. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alisifu wazo hilo kama linalounga mkono habari ya kuumbwa kwa ulimwengu. Mtu angedhani Lemaître angefurahi. Wapi! Hakupendezwa, na alitaka mambo hayo mawili yasichanganywe. Aliisali misa yake asubuhi, akafanya hesabu zake mchana, wala hakuitumia moja kuwa mkongojo wa nyingine.

LUGHA ILIYONYAMAZA

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Nilipomwita kijana nikamwambia anieleze kitabu kinasema nini, alianza kwa Kiingereza. Nikamwambia: "Nieleze kwa Kiswahili, kama utakavyomweleza babako." Akanyamaza, akajaribu, akakwama. Akaniambia hana maneno. Nilipomuuliza mzee alimjibu nini usiku ule, nilikuta kuwa alimsomea aya na hadithi kwa Kiarabu, bila ya kuzifasiri. Mtoto alishuku kwa Kiingereza, baba akamjibu kwa Kiarabu, na Kiswahili, lugha waliyonyonya wote wawili, kikakaa pembeni kama mgeni. Wangeelewana vipi?

Wala si kweli kwamba maneno hatuna. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina tuliyoyatumia kabla ya kuja mzungu. Baba yangu alikijua Kilimia na alijua kuelekeza jahazi usiku wa kaskazi bila ya dira. Neno falaki tunalo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mkono wa Taasisi yake ya Uchunguzi wa Kiswahili, kilitoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kilichokosekana ni watu wa kuyachukua maneno hayo wakayatoa kwenye kamusi wakayatia kwenye visa vitamu. Nimezunguka maduka ya vitabu hapa mjini nikitafuta kitabu kimoja cha Kiswahili kitakachomweleza mtu mzima mwanzo wa nyota au habari ya selimundu bila ya kumkemea na bila ya kumhubiria. Sikukipata. Nilipata vya mitihani, vya ndoa na vya kufasiri ndoto.

Kwa hiyo mtoto wetu akiwa na swali kubwa, hana budi kwenda kuliuliza nyumba ya jirani. Akijibiwa huko, hujiona kuwa akili inakaa kwa jirani na kwao kumebaki mila. Hilo ndilo linalomtoa nyumbani, zaidi ya mwanzo wa nyota. Nawaomba waandishi wenzangu, tumetunga mashairi ya kutosha ya kusifu harusi na kulaumu viongozi. Na nawaomba walimu wa sayansi walio na lugha, waandike. Nao masheikh wetu wavisome vitabu hivi kabla ya kuvijibu. Mtu hawezi kuutegua mtego asiouona.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwa shemeji. Nilimweleza vyote kwa Kiswahili, kutoka moto wa Ungwana mpaka damu. Habari ya setilaiti ilimchekesha, akasema kumbe na yeye aliwahi kuambiwa na babake juu ya moto ule. Nilipofika kwenye selimundu alinyamaza kitambo, kisha akauliza polepole: "Basi ilikuwa damu yangu na ya mama yake?" Nikamjibu: "Yenu wote wawili, shemeji. Na hiyo hiyo ndiyo iliyowakinga nyinyi mkaishi." Alijifuta macho kwa ncha ya kanzu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimtaja yule binti.

Ndipo kijana, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema neno ambalo hakuna kitabu kilicholisema: kwamba yeye alianza kushuku siku ile walipotoka makaburini, akaambiwa asiulize.

Siwezi kukuambia, msomaji, kuwa mambo yamekwisha. Kijana hajarudi kwenye safu ya alfajiri, na mzee hajakubali hata ukurasa mmoja wa Dawkins. Lakini vitabu havikuchomwa. Kila baada ya alasiri, chuo kinapotawanyika, kijana humfasiria babake ukurasa mmoja au miwili, na wakikwama neno hunipigia simu, nami mara nyingi sinalo, tukalitafuta sote watatu. Na neno baba limerudi nyumbani mle. Kwa hayo nawaachia beti mbili:

Msikichome kitabu, kabla hamjakisoma,
Mpeni mwana jawabu, kwa maneno ya huruma,
Ukali si matibabu, huzidisha uhasama,
Lugha yetu ina neno, tusiifunge mdomo.

Nyota alozifuata, nahodha usukanini,
Leo mwana azileta, toka ng'ambo vitabuni,
Kwa nini tukamteta, akafukuzwa nyumbani?
Lugha yetu ina neno, tusiifunge mdomo.